Niende Nisiende: Kulifundisha Jicho Kuitambua Saratani ya Ngozi kwa Mchezo

Saratani ya ngozi ni ugonjwa unaoonekana kwa macho. Saratani ya ini au ya kongosho hujificha ndani mpaka itafutwe kwa vipimo, lakini hii inakaa shingoni, sikioni, mdomoni, mahali ambapo kila anayeishi na mgonjwa anaiona kila siku. Pamoja na hayo, watu wanaendelea kufika hospitali wamechelewa. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha mapitio ya wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa hapo kwa saratani ya ngozi. Sehemu iliyoongoza kwa kuathirika ilikuwa kichwa na shingo, na wengi walifika kidonda kikiwa kimeshakuwa kikubwa. Yaani kidonda kilikuwa usoni, watu wanakiangalia, na hakuna aliyesema twende.

Makala haya yanahusu pengo hilo, pengo la kuona bila kutambua, na yanapendekeza njia moja ya kuliziba: mchezo. Tutachukua Bugarama kama mfano. Tutaangalia ugonjwa unafananaje, jicho linajifunzaje, mchezo utengenezweje, na tutajuaje kama umefaa. Anayesoma udaktari, ualimu, takwimu au kompyuta, kila mmoja atakuta kipande cha kazi yake humu.

Kwa nini Bugarama

Bugarama ni kata ya Halmashauri ya Msalala, Kahama, mkoani Shinyanga. Jirani yake uko mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, na kuanzia hapo mpaka Geita wametapakaa wachimbaji wadogo. Wafanyakazi wa mgodi mkubwa wanashuka chini ya ardhi na wanaweza kumaliza zamu hawajaliona jua. Kwa wachimbaji wadogo, ukiwaacha wanaozama kwenye maduara, kazi iko juani: kuponda mawe, kuanika mchanga, kuosha kwenye mialo, kuuza chakula kwa wanaofanya hayo yote. Asiye mgodini yuko shambani au anachunga ng'ombe. Eneo lenyewe liko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa Ikweta, juu ya uwanda unaozidi mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Miale ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua inayoharibu chembe za ngozi, ni mikali hapo mwaka mzima.

Wengi wetu tuna kinga ya kuzaliwa nayo, melanini, rangi inayoifanya ngozi iwe nyeusi na kuimeza miale hiyo kabla haijafika ndani. Mtu mwenye ualbino hana melanini, au anayo kidogo mno. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila watu 1,400, kiwango kilicho miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Utafiti wa watu 350 wenye ualbino uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa ngozi yao huanza kuharibika tangu utotoni. Kwa hiyo saratani inayomkuta mtu akiwa na miaka 30 ilianza kupandwa akiwa anacheza bila kofia kwenye uwanja wa shule ya msingi.

Ukanda huu umebeba kumbukumbu nyingine nzito. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri, migodini na ziwani. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama ilitoa hukumu ya kifo kwa watu watatu kwa mauaji ya aina hiyo. Watoto wengi walipelekwa kulala kwenye vituo kama Buhangija, Shinyanga. Hofu ile ilikuwa ya kweli na bado haijaisha. Lakini madaktari na vyama vya watu wenye ualbino wamekuwa wakikumbusha kwamba anayewaua wengi zaidi ni jua, na anaua polepole, bila polisi wala waandishi wa habari.

Wenye ngozi nyeusi nao wasijiweke pembeni. Kwao melanoma, saratani inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza rangi, hupenda kukaa mahali penye rangi kidogo: unyayo, kiganja, chini ya ukucha. Bob Marley alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Kovu la moto au kidonda ndugu kilichokaa miaka mingi kinaweza kugeuka saratani. Na kwenye machimbo kuna aseniki. Tafiti katika ukanda wa dhahabu wa Ziwa Victoria zimekuta baadhi ya vyanzo vya maji vikiwa na aseniki kuzidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni mikrogramu 10 kwa lita. Mtu akiyanywa maji hayo kwa miaka, anaweza kuota vijinundu vigumu viganjani na kwenye nyayo, na hatari ya saratani ya ngozi inapanda.

Tunachotaka jicho likijue

Hapa ndipo masomo mengi ya afya yanapokosea njia. Yanachukua kanuni iliyotungwa kwa ajili ya watu wengine. Mwaka 1985 madaktari wa New York walitoa kanuni ya herufi nne ya kuitambua melanoma: umbo lisilolingana pande mbili, kingo zisizonyooka, rangi zaidi ya moja, na kipenyo kinachozidi milimita 6. Mwaka 2004 ikaongezwa herufi ya tano, mabadiliko. Ni kanuni nzuri kwa doa jeusi kwenye ngozi ya Mzungu. Sasa ipeleke Bugarama. Kati ya wale wagonjwa 64 wa Bugando, robo tatu walikuwa na saratani ya seli bapa, ambayo sura yake ni kidonda, gamba au nundu. Na melanoma ikimpata mtu mwenye ualbino inaweza kuwa haina rangi kabisa. Aliyekariri herufi tano atakitazama kidonda cha hatari na kusema hakimo kwenye orodha.

Kwa mazingira yetu, alama za kwenda nazo kituo cha afya ni hizi:

1. Kidonda kilichopita wiki nne bila kupona, au kinachopona na kurudi palepale.
2. Kidonda kinachotoka damu kwa kuguswa kidogo tu, na taulo au kola ya shati.
3. Kipele au nundu inayoendelea kukua, hasa yenye kingo zilizoinuka.
4. Gamba gumu au kitu kama kipembe, ambacho ukikibandua kinaota tena.
5. Doa jeusi linalopanuka kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha.
6. Kovu la zamani lililoanza kupasuka au kuota nyama.

Kuna hatua ya kabla ya saratani ambayo ndiyo ya kuwahi kuliko zote: magamba madogo makavu usoni, masikioni na juu ya mikono. Mara nyingi unayahisi kwa kidole kabla hujayaona, yanakwaruza kama msasa. Katika hatua hiyo daktari wa ngozi anaweza kuyagandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, na mtu akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ukichelewa, kazi inahamia kwa daktari wa upasuaji, kisha kwenye mionzi.

Jicho lazima lijue pia vinavyofanana na hatari lakini si hatari. Jipu linauma, linaiva, linapasuka na kupona ndani ya wiki chache. Sugu ya unyayo ipo mahali kiatu kinapobana. Damu iliyovilia chini ya ukucha baada ya kugongwa na jiwe husogea mbele kadiri ukucha unavyoota. Doa la melanoma halisogei namna hiyo. Madoadoa ya kahawia usoni mwa mtu mwenye ualbino kwa kawaida si saratani, ila ni ushahidi kwamba jua limempiga vya kutosha na anahitaji kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kuzuia jua.

Kwa nini desa halitoshi

Kila mtu chuoni anajua kusoma kwa desa. Unakariri alama sita usiku, asubuhi unaziandika kwenye karatasi ya mtihani, unaepuka supu. Lakini kuandika alama sita na kukitambua kidonda ni kazi mbili tofauti. Mfikirie mama anayechambua mchele. Hakuna aliyempa orodha ya sifa za jiwe. Ameona punje nyingi mno, na kila alipokosea jino lilimwambia. Mambo mawili yalimfundisha: mifano mingi na jibu la papo hapo.

Utafiti unaelekea hukohuko. Mwaka 2014 watafiti wa Edinburgh, Uingereza, walichapisha jaribio la watu wasio na ujuzi wowote wa tiba. Waliofundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi za melanoma, bila kanuni, walifanya vizuri sawa na waliofundishwa kwa kanuni ya herufi. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la awali la mchezo wa mtandaoni wa kuitambua melanoma. Na katika elimu kwa jumla, jaribio maarufu la Roediger na Karpicke la mwaka 2006 lilionyesha kwamba anayejipima anakumbuka zaidi baada ya siku kupita kuliko anayerudia kusoma. Mchezo, ukiutazama vizuri, ni kujipima mara nyingi ukiwa unacheka.

Michezo hiyo ya ng'ambo, hata hivyo, imejaa madoa meusi kwenye ngozi nyeupe, na inataka simu nzuri na bando. Tunaweza kuchukua kanuni yake na kutumia mchezo ambao tayari tunao.

Kutoka "nyama" kwenda "niende"

Karibu kila mtoto wa Afrika Mashariki amecheza mchezo wa nyama. Kiongozi anataja mnyama mmoja baada ya mwingine kwa kasi. Akitaja anayeliwa, wote wanaruka na kuitikia. Akitaja asiyeliwa, wote wanatulia. Anayeruka kwa mbwa au fisi anatoka. Ukiuchunguza, huo ni mchezo wa kuainisha kwa haraka: mambo mawili, uamuzi mmoja, jibu papo hapo. Ndicho tunachokihitaji.

Pendekezo langu ni kuubadili uwe mchezo wa kadi, tuuite Niende Nisiende. Kiongozi ana kadi 40 zenye picha kubwa za ngozi. Anainua kadi moja na kuhesabu mpaka tano. Anayeona ni ya kwenda hospitali anainua mkono, na anayeona ni ya kusubiri anauweka mkono gotini. Kisha kiongozi anageuza kadi na kusoma nyuma: jibu, na sababu moja tu, kwa mfano "gamba limebanduliwa mara tatu na limerudi". Raundi nzima haizidi robo saa.

Mambo matano yanafanya mchezo huu uwe wa Bugarama.

Kwanza, picha. Zitoke kwa wagonjwa wa Kanda ya Ziwa waliokubali kwa maandishi, kwenye ngozi yenye ualbino na kwenye ngozi nyeusi. Jibu la kila kadi ya saratani liwe limethibitishwa kwa kipande cha nyama kilichopimwa maabara. Picha za kuokota mtandaoni zitafundisha makosa.

Pili, hakuna anayetolewa. Kwenye mchezo wa nyama anayekosea anakaa pembeni kuwaangalia wenzake. Kwa mtoto anayecheza hilo halina madhara, ila kwa kujifunza ni kinyume kabisa, maana anayekosea sana ndiye anayehitaji kadi nyingi zaidi. Humu anapoteza pointi na kuendelea.

Tatu, macho. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu. Kadi iwe kubwa, isiyong'aa, na mchezo uchezwe kivulini. Kumwita mtu mwenye ualbino kwenye uwanja saa saba mchana kumfundisha madhara ya jua ni kichekesho kibaya. Na kwa kuwa gamba la awali linahisiwa, kadi kadhaa zibandikwe kipande cha msasa laini karibu na kitambaa laini, mchezaji apapase na kuchagua.

Nne, muda. Kidonda kimoja kionyeshwe kwa kadi tatu mfululizo: mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita. Kadi ya kwanza inaweza kumdanganya hata mwanafunzi wa udaktari. Mabadiliko kati ya kadi ndiyo yanayosema.

Tano, wachezaji. Nani anaiona nyuma ya shingo yako? Nani anaona nyuma ya sikio, kisogo, mgongo? Si wewe. Ni mama, mke, mwenzako wa dawati, kinyozi, msusi. Kwa hiyo wachezaji wa kwanza wasiwe wagonjwa peke yao. Kinyozi wa senta ya machimbo anashika vichwa vya watu kutwa nzima. Akicheza raundi kumi, senta nzima imepata jicho jipya. Mchezo uchezwe kwa jozi, mtu na jirani yake, na baada ya mchezo jozi ikaguane.

Makosa hayana uzito sawa

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu namna unavyotoa pointi ndiyo inayoamua unafundisha nini. Haya ni mahesabu ya kufikirika. Chukulia watu 200 wametazamwa ngozi, na 10 kati yao wana saratani.

Kundi A ni la watu wenye hofu. Limenasa wagonjwa 9 kati ya 10, lakini limewatuma hospitali wazima 38. Kundi B ni la watu wa uhakika. Limenasa wagonjwa 6, na limewatuma wazima 10 tu. Ukihesabu kila kosa pointi moja, A ina makosa 39, yaani mgonjwa 1 aliyeachwa na wazima 38 waliosumbuliwa. B ina makosa 14, yaani wagonjwa 4 na wazima 10. B imeshinda. Lakini B imewaacha nyumbani watu wanne wenye saratani.

Ongeza faini ya kumwacha mgonjwa iwe pointi 5, na kumsumbua mzima ibaki pointi 1. A inapoteza 5 + 38 = 43. B inapoteza 20 + 10 = 30. B bado inaongoza. Weka faini 10: A inapoteza 48, B inapoteza 50. Hapo A imepita. Ukiiandika kama mlinganyo utaona mpaka uko kwenye pointi 9.3 hivi.

Kwa hiyo swali la mtengeneza mchezo ni hili: mgonjwa mmoja aliyeachwa ana uzito wa wazima wangapi waliokwenda bure? Jibu halimo kwenye kitabu cha takwimu. Anayetoka Bugarama kwenda hospitali analipa nauli, anapoteza siku ya kazi, na akiambiwa hana kitu, safari ijayo hatakwenda na wala hatamruhusu mdogo wake. Kwa upande mwingine kuna sikio, jicho, na uhai. Ukaguzi wa kwanza ukiweza kufanyika kwenye zahanati ya karibu, gharama ya kumsumbua mzima inashuka, na jamii inaweza kuruhusu hofu zaidi. Ukiwa huduma iko Mwanza tu, mizani inabadilika. Faini ya mchezo inatakiwa kupangwa pamoja na wahudumu na wenye ualbino wenyewe. Isitungwe na mtu mmoja kwenye kimbweta.

Kuna mtego mwingine. Kadi 20 kati ya 40 zikiwa za saratani, mchezaji atazoea kwamba nusu ya vipele ni hatari. Mtaani haiko hivyo. Dawa yake ni kuanza na nusu kwa nusu ili jicho lipate mifano ya kutosha, kisha raundi za mbele zibaki na kadi 5 za hatari kati ya 40.

Kadi za "Na sasa?"

Mchezo ukiishia kwenye kutambua, tumefanya nusu ya kazi. Wapo wanaojua kabisa kwamba kidonda ni kibaya na hawaendi. Ndiyo maana kila anayesema "niende" kwa usahihi anachota kadi ya pili, inayosema kilichomzuia. Mifano:

"Nauli huna mpaka dhahabu iuzwe."
"Mzee kasema umerogwa, twende kwanza kwa mganga."
"Zahanati wamekupa dawa ya kupaka mara ya tatu, kidonda kipo palepale."
"Unaogopa kusafiri peke yako."
"Mwenye mwalo anasema ukiondoka leo kesho nafasi yako ina mtu."

Mchezaji anatakiwa kutaja hatua inayofuata, na kundi linaamua kama inatekelezeka. Kwa kadi ya zahanati, jibu ni kumwambia mhudumu kwa heshima: kidonda hiki kina miezi miwili, dawa tatu hazijakiponya, naomba rufaa. Maneno hayo yafanyiwe mazoezi kwa sauti, maana mtu mwenye kidonda mbele ya mganga wa zahanati huwa anaishiwa maneno. Kwa kadi ya Mzee, kubishana naye si jibu la maana. Wengi watasema, "Baba, twende kote, ila hospitali tuanze." Kwa kadi ya kuogopa, jibu ni msindikizaji, na katika ukanda huu hiyo hofu isidharauliwe.

Kiongozi wa mchezo lazima awe na majibu ya kweli mfukoni: siku za kliniki ya ngozi hospitali ya wilaya na ya mkoa, utaratibu wa rufaa kwenda Bugando ambako kuna idara ya saratani na mionzi, mawasiliano ya Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania, kilichoanzishwa 1978. Ajue pia shughuli za Standing Voice, shirika linaloendesha kliniki za kuzuia saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino, na Kilisun, losheni ya kuzuia jua inayotengenezwa nchini, Moshi, kwa ajili yao. Kumfundisha mtu kutambua halafu usimwonyeshe pa kwenda ni kumwongezea usiku wa mawazo.

Tahadhari ambazo si za hiari

Picha ya mtu mwenye ualbino si kitu cha kusambaza ovyo, na huku kwetu sababu inajulikana. Kadi zikate uso usitambulike, zisitaje kijiji wala jina, na zisirushwe kwenye makundi ya Wasap. Orodha ya watu wenye ualbino na nyumba zao isiandikwe na wanafunzi kwenye daftari. Mchezo uchezwe na darasa zima au senta nzima, ili asiwepo mtu anayenyooshewa kidole kwamba kadi hizi zimeletwa kwa ajili yake. Na neno liwe "mtu mwenye ualbino". Majina yale mengine yameumiza watu vya kutosha.

Anayetaka kuugeuza mchezo huu uwe utafiti wa mwaka wa mwisho, aombe kibali cha maadili chuoni na, inapohitajika, cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kabla hajapiga picha hata moja.

Tutajuaje kama umefaa

Vicheko na makofi si kipimo. Kipimo cha kwanza ni mtihani wa picha kabla ya mchezo na baada yake, kwa picha ambazo wachezaji hawajawahi kuziona. Ukitumia kadi zilezile unapima kumbukumbu, hupimi kutambua. Cha pili ni kurudia mtihani baada ya mwezi. Cha tatu ni kulinganisha: senta moja icheze, nyingine ipewe vipeperushi na maelezo kwa muda uleule. Andika kando kando idadi ya wagonjwa walionaswa na idadi ya wazima waliosumbuliwa, usitoe asilimia moja ya jumla, kwa sababu umeshaona hapo juu jinsi jumla inavyoficha watu wanne.

Kipimo cha mwisho kinachukua miaka: vidonda vinavyofika hospitali vina ukubwa gani? Mchezo ukifanya kazi, rejista ya kliniki itaanza kuonyesha magamba ya kugandishwa mengi na vidonda vya kufika mfupani vichache.

Maswali ya kujipima

1. Kijana wa machimbo ana doa jeusi chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu tangu alipogongwa na jiwe miezi mitatu iliyopita. Utaangalia nini kabla ya kuinua mkono?
2. Rudia hesabu ya Kundi A na B, ila A isumbue wazima 25 badala ya 38. Faini ya kumwacha mgonjwa ianzie pointi ngapi ndipo A ishinde?
3. Taja watu watatu mtaani kwenu ambao kazi yao inawafanya waone ngozi za watu kila siku. Ni yupi utaanza naye likizo hii?
4. Andika kadi mbili za "Na sasa?" za mahali unapotoka, zenye vizuizi ambavyo havimo kwenye makala haya.

Jibu la swali la pili ni faini yoyote inayozidi pointi 5. Jibu la kwanza limo katika sehemu ya alama. La tatu na la nne tuleteeni ofisi ya jarida. Kadi zitakazofaa zitaingia kwenye seti ya kwanza.